Diski mbili za aina moja, mbona mkononi ni tofauti kabisa?

Wadau naombeni msaada. Nina diski mbili za gofu (zile za kurusha kwenye kikapu), modeli ileile, plastiki ileile, zote gramu 175, lakini moja imetuna juu kama kofia na nyingine iko bapa, kidole gumba kinakaa vizuri sana kwenye hii bapa. Nimeuziwa feki au?

Jibu 1
Sio feki mkuu. Plastiki inaingia kwenye kalibu ikiwa imeyeyuka, halafu inapopoa inasinyaa, sasa ikipoa tofauti kidogo tu au ikitolewa mapema mgongo unatuna au unalala. Ndo maana toleo la mwezi huu na la mwezi ule hazifanani, hata rangi nayo inaweza kubadili ugumu.

Jibu 2
Ziweke juu ya meza kisha angalia ule mstari wa kiungo pembeni ya ukingo (pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana), uko juu kiasi gani toka mezani. Ukiwa juu zaidi kwa kawaida diski inawahi kukata pembeni mwishoni mwa mruko, ukiwa chini inanyooka muda mrefu. Mimi naamini mstari huo kuliko namba za mruko zilizoandikwa juu ya diski, kwa kweli.

Muuliza swali
Aisee kweli, bapa mstari wake uko juu! Ila ina kijiuzi cha plastiki pembeni kinanikwaruza kidole.

Jibu 2
Piga msasa laini taratibu, sheria za PDGA (chama cha wachezaji wa gofu ya diski) zinaruhusu kulainisha kasoro za kiwandani. Usibadilishe umbo tu.