Je, kaboni isiyopimika vizuri ihesabiwe kuwa sifuri?

Mtoa mada:
Hudaiwa mara kwa mara kwamba wanasayansi wa tabianchi hutia chumvi ili kuwatisha watu. Mimi naona kinyume chake: hofu ya kukosea imewafanya waache nje ya hesabu yale wasiyoweza kuyapima vizuri, na msomaji akadhani kwamba kilichoachwa hakipo. Ripoti ya 2007 ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi ilikadiria kuwa usawa wa bahari ungepanda kwa sentimita 18 hadi 59 kufikia mwisho wa karne, huku ikieleza waziwazi kwamba mabadiliko ya kasi ya mwendo wa barafu hayakujumuishwa. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini kilichonukuliwa zaidi ni ile 59, kana kwamba ndiyo kikomo.

Kwa kaboni hali ni hiyo hiyo. Ardhi iliyoganda daima ya Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada imehifadhi kaboni inayokaribia mara mbili ya ile iliyomo angani. Inapoyeyuka, vijidudu huozesha mabaki ya mimea yaliyolala humo kwa maelfu ya miaka na kutoa kaboni dioksaidi, au methani pale ambapo maji yamezuia oksijeni. Ripoti ya jopo hilo ya 2018 kuhusu ongezeko la joto duniani la nyuzi 1.5 ilikadiria kwamba kuyeyuka huko, pamoja na methani ya maeneo oevu, kunaweza kupunguza bajeti ya kaboni, yaani kiasi ambacho binadamu bado wanaweza kutoa bila kuvuka kiwango hicho cha joto, kwa hadi tani bilioni 100 za kaboni dioksaidi katika karne hii. Bajeti yenyewe, kwa uwezekano wa theluthi mbili wa kutovuka kiwango hicho, ilikuwa tani bilioni 420, nayo ilitajwa kabla ya makato hayo.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa mada, umesahau Himalaya? Ripoti hiyo hiyo ya 2007 ilidai kuwa barafu ya milima hiyo ingeweza kutoweka kufikia 2035, na mwaka 2010 jopo likalazimika kukiri kwamba dai hilo halikuwa na msingi. Kosa moja la namna hiyo huwapa wapinzani silaha ya miaka kumi.

Mtoa mada:
Nakubali kuhusu silaha, lakini dai la Himalaya lilipita kwa sababu chanzo chake hakikuhakikiwa, nami sidai uhakiki ulegezwe. Ninachodai ni kwamba makadirio mapana yaandikwe hivyo hivyo yalivyo, pamoja na upana wake. Moto wa ardhi ya mboji, yaani udongo wa mabaki ya mimea yasiyooza kabisa, nchini Indonesia mwaka 1997 ulikadiriwa kutoa kati ya tani bilioni 0.81 na 2.57 za kaboni. Tofauti ni zaidi ya mara tatu, na bado kiwango cha chini kabisa kililingana na asilimia 13 hivi ya kaboni iliyotokana na nishati ya kisukuku duniani mwaka huo. Anayeweka sifuri mahali hapo, eti kwa tahadhari, amechagua namba pekee tunayojua kuwa si sahihi.

Kaboni ya meli na ndege za kimataifa, ambayo nayo huachwa nje ya hesabu, ni suala jingine, kwani mafuta yao hupimwa na kuuzwa kwa tani; kaboni hiyo imeachwa nje ya jumla ya kila nchi kwa makubaliano ya serikali, si kwa upungufu wa vipimo.