MJADALA: Wa kwanza darasani ajichagulie ndege, au jeshi ligawe marubani linavyotaka?

Bawa la Kulia (mleta mada)
Wadau, hoja iko hivi. Katika Jeshi la Anga la Marekani, mwanafunzi wa urubani huanza na T-6A Texan II, ndege ya pangaboi moja na viti viwili. Akimaliza awamu hiyo hupangiwa njia: T-38C, jeti ya mafunzo yenye kasi, kwa wanaoelekea ndege za kivita na za mabomu, njia ya ndege za mizigo na za kujaza mafuta angani, ambayo kwa miaka mingi ilitumia jeti ya mafunzo ya T-1A, au helikopta, kule Fort Rucker, Alabama. Ndege yenyewe, iwe F-16 ya kivita, C-17 ya mizigo au KC-135 ya kujaza mafuta angani, hutajwa mwishoni. Ugawaji hufuata nafasi yako darasani: alama za kila siku, mitihani ya angani mbele ya mkaguzi, mitihani ya karatasi, na maoni ya kamanda wa kundi lako. Unajaza fomu ya mapendekezo, lakini kauli ya mwisho ni mahitaji ya jeshi.

Mimi naona aliyefanya vizuri achague kwanza, basi. Anayehitimu anafungwa miaka 10 ya utumishi. Umfunge mtu miaka yote hiyo halafu jasho lake lisihesabike? Anayepinga alete hoja.

Darubini
Mkuu, napinga, na sababu yangu ni hesabu tu. Nafasi yako darasani inakulinganisha na wenzako wachache mliopangwa pamoja. Darasa moja linaweza kuletewa nafasi nne za ndege za kivita, linalofuata likaletewa moja. Wa pili katika darasa kali anakosa, wa nne katika darasa legelege anapata. Hapo umezawadia tarehe ya kuhitimu, hujazawadia ubora.

Jeshi la Majini la Marekani limerekebisha nusu ya tatizo. Alama za mwanafunzi hugeuzwa kuwa kipimo chenye wastani wa 50, akilinganishwa na waliomaliza kabla yake, si darasa lake peke yake. Mwenye 60 leo unaweza kumlinganisha na mwenye 60 wa mwezi uliopita. Nusu ya pili imebaki palepale, maana nafasi bado ni zile zilizopo wiki ile.

Mzee wa Rada
Kuna njia ya tatu hamjaitaja. Kikosi cha Marine cha Marekani, kinapowapangia fani maofisa wapya kule Quantico, hugawa darasa mafungu matatu kwa ubora, na kila fani hupokea watu kutoka kila fungu. Lengo ni kwamba vichwa vyote visijazane sehemu moja. Ugawaji wa ndege ungeiga hapo. Kwa nini kikosi cha ndege za mafuta kila mara kipokee waliobaki?

Darubini
Mzee wangu, hiyo nayo ina shimo lake. Katika mafungu matatu, pabaya pa kukaa ni mkiani mwa fungu la kwanza. Anayeongoza fungu la pili anachagua mapema kuliko wewe uliyempita alama. Wanafunzi wakishalijua hilo wanaanza kupiga hesabu badala ya kusoma.

Kona ya Mwisho
Fani za ardhini ni kitu kingine, Mzee. Kwenye ndege, ukimpeleka mtu asipofaa hamkosani kwenye makaratasi tu, anakufa. Tuache neno "kipaji", tutazame kinachotokea.

T-6 ikiwa imeshusha flapu zote, vile vibamba vya nyuma ya mabawa, huja kutua kwa noti 100, yaani kama kilomita 185 kwa saa. T-38 huja kwa noti 155, na unaongeza noti 1 kwa kila ratili 100 za mafuta zinazozidi 1,000. Bawa lake ni dogo na jembamba. Sasa chukua kona ya mwisho kabla ya kunyooka na kiwanja. Upepo unamsukuma mwanafunzi, anaona atapitiliza mstari wa njia, na mkono wake unataka kuilaza ndege zaidi na kuvuta usukani. Pua inabaki mahali pazuri kabisa kwa macho, huku ndege inaporomoka chini yake. Mtetemo mwepesi ni wa kawaida kwenye kona hiyo. Mtetemo mzito ndio wa kukimbia, na mgeni hautofautishi. Dawa yake ni kulegeza mvuto, kunyoosha mabawa, na kusukuma nguvu za injini zote mbili hadi moto wa ziada (afterburner) kwa pamoja, halafu uzunguke upya. Kama alikuwa ameshusha nguvu hadi chini kabisa, injini zake, za aina ya J85, zinahitaji sekunde kadhaa kupanda, na karibu na ardhi hizo sekunde hana.

Kwa hiyo anayekubali haraka kwamba kona imeharibika, akaiacha, anafaa. Anayeibembeleza hafai, hata akiwa na 100 kwenye karatasi. Jambo hilo wakufunzi wanaliona. Fomu ya mapendekezo hailioni.

Bawa la Kulia
Lakini hapo umenisaidia mimi. Alama za angani ndizo zinazobeba orodha, na wakufunzi hao hao ndio wanaozitoa.

Kona ya Mwisho
Zinatolewa kwenye T-6, ndugu yangu! Njia inagawanywa kabla mtu hajaigusa T-38. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila mwanafunzi alipita T-37, jeti ndogo ya mafunzo, kisha T-38, ndipo akapendekezwa kwa ndege za kivita au za mizigo. Mgawanyo wa mapema ulianza 1993. Ulipunguza mzigo kwa T-38, ambazo zilianza kazi 1961, na hilo naliheshimu. Ila gharama yake ni kuamua mapema. Mwepesi wa mikono kwenye noti 100 si lazima awe mwepesi wa kufikiri kwenye 155.

Mama Anga
Na mimi naomba mwache kuzungumza kana kwamba mizigo ni jalala la walioshindwa. C-17 inaongozwa na marubani wawili na msimamizi wa mizigo, na inatua kwenye njia fupi ya futi 3,500, yaani kilomita moja na kidogo, yenye upana wa futi 90. Usiku, kwa miwani ya kuonea gizani. Kisha ijaze mafuta angani: ukikaribia nyuma ya KC-135, hewa inayosukumwa na pua yako inainua mkia wa ndege ya mbele, rubani wake anarekebisha, na wewe unarekebisha juu ya marekebisho yake. Mwenye pupa anaanza kupanda na kushuka kama mashua, mwisho anaambiwa aachane na bomba arudi nyuma. Inataka mtu wa tabia nyingine, wala si mdogo kuliko wa F-16.

Kosa la "wa kwanza achague" liko hapo. Wanafunzi wengi huchagua kwa jina la ndege. Wachache huuliza maisha yake yakoje: safari ya saa moja na ushee ya ndege ya kivita inaweza kufuatwa na saa kadhaa za kuichambua chumbani, kosa moja baada ya jingine, mbele ya wote. Wengine wanalipenda hilo. Wengine linawavunja.

Mzee wa Rada
Mama Anga umenena. Niongeze: walioajiriwa na vikosi vya akiba, yaani Guard na Reserve, huingia shuleni wakijua ndege yao tangu siku ya kwanza. Kikosi kiliwahoji, kikawachagua. Kwa hiyo katika darasa lilelile kuna anayeshindania nafasi na asiyeshindania chochote. Ukitaka kupima kama ushindani ndio unaozaa marubani wazuri, hao hapo.

Bawa la Kulia
Sawa, nakubali kwamba hesabu ya darasa dogo ina kasoro. Kuchagua siachi. Mnapendekeza nini basi?

Darubini
Mambo mawili. Kwanza, ulinganishe na waliopita, kama wanavyofanya Jeshi la Majini. Pili, nafasi zikusanywe kwa madarasa kadhaa ya vituo vya mafunzo vya Columbus, Laughlin na Vance, zigawanywe pamoja, ili wiki yako isikuamulie maisha.

Kona ya Mwisho
La pili litakwama kwenye ratiba. Kozi ya F-16 au C-130J ina tarehe yake ya kuanza, na mwanafunzi anayesubiri haruki. Wiki sita bila kuruka, mikono inashika kutu, na kumrudisha kunakula saa za ndege ambazo tayari hazitoshi.

Mama Anga
Wakati mnabishana, anayejaza fomu mwezi huu afanye hivi: aandike kazi anayoitaka kabla ya ndege, aulize rubani wa kila ndege yuko nje ya kituo siku ngapi kwa mwaka, na asiache chini ya orodha kitu asichoweza kuishi nacho kwa kudhani hakitafika. Vilevile ajue anaweza kubakizwa shuleni kama mkufunzi, hata akiwa miongoni mwa wa juu. Hilo halina kisanduku cha kukataa.