Kampuni mama ikifungwa, gita la bei nafuu linabaki mikononi mwa nani?

Mlezi wa kwaya, Moshi

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Kwaya yetu ya vijana imechanga fedha za magita mawili ya umeme, na duka moja la mjini linayo ya chapa ya bei nafuu ambayo kampuni mama yake inasemekana iko mbioni kufungwa. Muuzaji ameshusha bei, jambo lililomfurahisha mweka hazina wetu na kunitia mimi wasiwasi. Tukinunua leo, mwakani vipuri tutavipata wapi, na je, tukitaka kuyauza kuna atakayeyataka?

Fundi wa magita, Arusha

Marahaba, mlezi. Muuzaji anakuuzia vitu vitatu kana kwamba ni kimoja, yaani jina, kampuni inayolimiliki jina hilo, na kiwanda kinachochonga mbao. CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, ilipoiuza kampuni ya magita ya Fender mwaka 1985 kwa kundi la viongozi na wafanyakazi wake, wanunuzi walipata jina na michoro, lakini kiwanda cha Fullerton kule California hakikuwamo katika mauzo, hivyo kwa muda magita mengi yenye jina hilo yalitoka Japani, na wapo wapigaji wanaoyasaka hadi leo. Gibson, kampuni nyingine ya magita ya Marekani, nayo ililemewa na madeni, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Mei 2018 na kutoka Novemba mwaka huohuo ikiwa na wamiliki wapya. Epiphone, chapa yake ya bei nafuu, inaendelea kutengenezwa.

Jina lenye wateja, basi, halikosi mnunuzi, na hapo ndipo ninapopata shida nalo. Harmony ilikuwa na kiwanda Chicago kilichowapatia wanafunzi wengi wa Marekani gita lao la kwanza. Kilifungwa mwaka 1975, jina likauzwa, kisha likabandikwa kwenye magita yaliyotengenezwa Asia. Mtu akiniletea Harmony, kabla ya kutaja bei namuuliza ni ya mwaka gani.

Kuhusu vipuri, nyuzi, swichi na tundu la waya havijui kampuni. Pima matundu ya funguo za kukazia nyuzi: yakiwa na milimita 10, funguo za aina nyingi zitaingia bila kutoboa upya.

Mpiga besi, Moshi

Nakubaliana na fundi, ila amelisahau daraja, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gita, na mimi ndilo lililoniumiza. Besi yangu ya kwanza ilikuwa ya chapa iliyokwisha kutoweka, na daraja lake lilikuwa na nafasi za skrubu ambazo sijaziona kwenye chombo kingine chochote. Kikalio cha uzi wa tatu, kile kipande kidogo cha daraja ambacho uzi hukalia, kilipokatika nilizunguka Moshi na Arusha bila mafanikio, mpaka fundi wa lezi, ambaye kazi yake ni vipuri vya mashine za kusaga, aliponichongea kingine kwa kipande cha shaba. Kinalia vizuri kuliko vile vitatu vya asili, nami nimekiacha hivyohivyo ingawa rangi haifanani. Dhamana ya mwaka mmoja isikushawishi kulipa zaidi, kwa sababu yangu ilinitaka niisafirishe besi nje ya nchi kwa gharama yangu, nauli ambayo ingekaribia bei ya besi yenyewe.

Mlezi wa kwaya, Moshi

Asanteni sana. Jana nilirudi dukani na rula, muuzaji akanitazama kama niliyekuja kupima kitambaa. Matundu ya funguo ni milimita 10 kwenye magita yote mawili, na daraja limeshikwa kwa skrubu sita zilizopangwa mstari mmoja, kama kwenye gita la zamani la kanisani ambalo vipuri vyake tumekuwa tukivipata. Moja tumelilipia. La pili shingo yake imepinda, na ufunguo wa kukazia chuma cha ndani ya shingo, ambacho ndicho huinyoosha, haumo kwenye boksi. Muuzaji ameahidi kuutafuta hadi Ijumaa, na fedha za gita hilo bado ziko kwa mweka hazina.