Bado najiuliza kama ni mimi niliyeingiza korona kwenye makao ya wazee. Nyie mlitokaje hapo?

Zamu_ya_Usiku

Habari zenu wadau. Samahanini kama itakua ndefu, sijawahi kuandika hii kitu popote. Mimi ni mhudumu kwenye makao ya wazee, nilianza kabla ya korona na mpaka leo nipo. Najua watu wengi korona kwao ni stori ya zamani, WHO wenyewe walitangaza dharura imeisha tarehe 5 Mei 2023, ila kwangu mimi bado.

Mwaka 2020 kwenye floo yetu walifariki wazee tisa ndani ya wiki tatu. Tisa jamani. Wengine hao nimewaogesha na kuwalisha miaka minne, najua nani hataki taa izimwe na nani lazima umwite kwa jina la ubatizo ndo aitike. Kulikua na bibi mmoja hasikii vizuri, alikua anatusoma midomo. Tulivyoanza kuvaa barakoa akawa haelewi kitu, kila nikiingia anashika shuka kwa mikono miwili anaivuta mpaka kidevuni kama vile chumbani kaingia mtu asiyemjua, na mimi ndo nilikua namchana nywele kila asubuhi. Nikachukua karatasi nikaandika jina langu kwa herufi kubwa nikaibandika kifuani juu ya gauni la kujikinga. Akasoma taratibu, akanyoosha mkono akaigusa ile karatasi, akaanza kulia. Wiki iliyofuata naye akaondoka. Mwanae alimuaga kwa simu ya video, simu nimeishika mimi, glovu zimejaa jasho ndani, najikaza mkono usitetemeke ili aone sura ya mama yake vizuri.

Sasa kinachonitafuna zaidi ni hiki. Wakati ule nilikua nafanya kazi makao mawili, mchana huku usiku kule, maana mshahara wa sehemu moja ulikua hautoshi. Na kule kwingine ndo ugonjwa ulianza. Kila siku nilikua napimwa joto mlangoni niko sawa, sikohoi, siumwi kichwa, naingia. Siku tulipopimwa wote nikakutwa nina virusi. Hakuna aliyenilaumu mdomoni lakini mimi kichwani napiga hesabu mpaka leo, nilimgusa nani siku gani, nani alianza homa lini. Kengele ya kitanda ikilia usiku moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Silali. Nimechukua likizo mara mbili, nimerudi vilevile. Meneja anasema ni uchovu tu. Huu ni uchovu kweli? Nyumbani siongei, mume wangu anajua nilishasahau.

Kaka_Glovu

Pole sana dada. Nimesoma hapo kwenye kushika simu nikaiweka yangu chini kwanza. Mimi nilishika simu za namna hiyo sita na kila moja nakumbuka mtu wa upande wa pili alisema nini. Hauko peke yako kabisa, yaani hata kidogo.

Supavaiza_wa_Zamani

Mdogo wangu, hilo la kujiona wewe ndo uliyeleta naomba nikujibu kwanza, kwa sababu niliwahi kusimamia zamu na najua wahudumu wangapi wametembea na huo mzigo kimyakimya.

Machi 2020 kwenye makao fulani ya wazee jimbo la Washington kule Marekani waliwapima wazee wote kwa pamoja, wenye dalili na wasio na dalili. Zaidi ya nusu ya waliokutwa na virusi siku ile hawakua na dalili yoyote, wengi wao dalili zilikuja siku kadhaa baadaye. Sasa fikiria maana yake kwa yule aliyesimama mlangoni na kipimajoto. Kile kifaa kilikua hakiwezi kumkamata mtu kama wewe hata ungepimwa mara kumi kwa siku. Vipimo vyenyewe ndo vingewakamata, na miezi ile ya mwanzo vipimo havikuwepo vya kutosha. Wewe ulifanya kila ulichoambiwa ufanye.

Halafu hilo la makao mawili. Huko Kanada, jimbo la British Columbia, serikali masika ile ile ya 2020 iliagiza mhudumu afanye kazi makao mamoja tu, na ili watu wasipate njaa ikabidi malipo yapandishwe yalingane. Maana yake walielewa kwamba watu hawazunguki kwa kupenda, wanazunguka kwa sababu mshahara haukai. Ilikua inajulikana. Sehemu nyingi hawakufanya hivyo, zikaacha mtu kama wewe abebe lawama ambayo ilitakiwa ikae kwenye meza ya wanaopanga mishahara.

Na mimi niseme yangu. Niliwahi kumpanga mhudumu mmoja wazee ishirini na sita usiku mzima kwa sababu wenzake wote walikua karantini. Aliniangalia akasema sawa mama. Asubuhi nilimkuta amekaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, bado kavaa gauni, hata kuvua hawezi. Nilikua sina mtu mwingine wa kumpanga, hilo ni kweli, lakini uso wake ninao mpaka leo. Kwahiyo nikikwambia nakuelewa siongei kwa kubahatisha.

Imani_Tele

Mi naona mnakuza mambo. Hii kazi ni wito, vifo vipo siku zote, muombe Mungu uendelee mbele. Kukaa unakumbuka kila siku ndo kunakuumiza.

Mshauri_Nasaha

@Imani_Tele kuomba ni vizuri na wengi kunawasaidia, lakini dada huyu hakumbuki kwa kupenda. Moyo kudunda ukisikia kengele hauamui wewe.

@Zamu_ya_Usiku umeuliza kama ni uchovu. Mimi nafanya ushauri nasaha na nimekaa na wahudumu wengi wa wazee tangu kipindi kile. WHO kwenye orodha yao ya magonjwa waliufafanua uchovu wa kazi mwaka 2019, wakasema wazi siyo ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haujashughulikiwa, nguvu zinaisha, kazi unaiona mbali na moyo wako, na unaona hufanyi lolote la maana. Mtu wa hivyo mara nyingi anaanza kutojali. Wewe nikikusoma sioni kutojali hata chembe. Unajali mpaka unaumwa.

Kuna kitu kingine, wengine tunakiita jeraha la dhamiri. Kilianza kuzungumzwa sana miaka ya 1990 kupitia daktari wa akili wa Marekani, Jonathan Shay, aliyekua anatibu wanajeshi waliotoka vita ya Vietnam. Ni pale unapofanya au unaposhuhudia kitu kinachoenda kinyume na unachoamini ni haki, na huna uwezo wa kukizuia. Umeamini miaka yote kwamba mzee hafi peke yake, halafu unaamriwa umfungie mlango na familia yake iko nje ya dirisha. Likizo haitibu hiyo. Ndo maana unarudi vilevile, na hapo meneja wako kakosea.

Na juu yake kuna msiba. Wale tisa walikua watu wako. Familia zilipewa pole, nyie mkapewa ratiba ya zamu inayofuata, kitanda kikapuliziwa dawa, kesho yake kalala mtu mwingine. Mhudumu hahesabiwi kama mfiwa lakini ni mfiwa.

Kutolala, kushtuka, picha kurudi, ikishapita mwezi mmoja hiyo tayari ni sababu ya kumuona mtaalamu wa afya ya akili, na wewe umekaa nayo miaka. Kuna tiba ya mazungumzo kwa ajili ya kiwewe na inafanya kazi hata kama muda umepita. Ukienda usiseme nimechoka, watakupa vitamini. Sema ulivyotuambia hapa, kengele, zile hesabu za kichwani, yote. Na ukianza kuona bora usiwepo, usisubiri miadi, nenda dharura siku hiyo hiyo au mwambie mtu akupeleke.

NiliachaKazi

Mi niliacha 2021 na sijutii, ila nikuambie ukweli, ndoto zilinifuata nyumbani. Nilidhani nikivua yunifomu zitaisha, zikakaa mwaka mzima zaidi. Kilichosaidia ni kuongea na mtu, kuacha kazi kulinipa tu muda wa kwenda. Kwahiyo usiache ukidhani ndo dawa, na usibaki ukidhani ukiondoka umewasaliti wazee. Na mumeo mwambie dada. Mimi wangu nilivyomwambia akasema alikua ananiona naamka saa nane za usiku naosha mikono jikoni, alikua anasubiri niseme.

Kaka_Glovu

Kitu kimoja ambacho kwetu kilibaki mpaka leo. Mzee akifariki zamu nzima inasimama dakika kumi chumbani kwake kabla kitanda hakijaguswa. Kila mtu anasema kitu kimoja anachokikumbuka kuhusu yeye, basi, hakuna hotuba. Alianzisha dada mmoja wa usafi, siyo hata nesi, alisema hawezi kupiga deki chumba cha mtu kama vile hakukua na mtu. Mwanzoni uongozi walilalamika kazi zinalala. Sasa hivi na wao wanakuja.

Zamu_ya_Usiku

Nimerudi. Nimesoma yote mara mbili nikiwa breki, nimelia chooni nikanawa uso nikarudi kazini. Hiyo ya Washington nilikua siijui kabisa. Miaka yote hii najiuliza kwanini sikuhisi chochote, kama vile nilitakiwa nihisi.

Mama @Supavaiza_wa_Zamani ahsante sana, na yule wa kwenye korido kama bado unampata muambie uliyoyasema hapa, mimi ningependa kuambiwa.

Mume wangu nimemwambia jana usiku. Sijamaliza, nimefika kwa bibi nikashindwa, amesema tutaendelea. Mtaalamu nimepata miadi ya wiki ijayo.

@Kaka_Glovu hizo dakika kumi mnafanya kabla ya kukabidhiana zamu au baada? Nataka nimwambie nesi wetu wa zamu.

Kaka_Glovu

Kabla. Mkishakabidhiana kila mtu ana haraka ya kuondoka. Na kama amefariki usiku wa manane msisubiri asubuhi, simameni hata mkiwa wawili.