Venus wa Boucher katika kasri la Bellevue: je, ni pambo tupu?

Swali
Wandugu, naomba mnisaidie kuielewa picha ya mchoraji Mfaransa François Boucher ya mwaka 1751 inayomwonyesha Venus, mungu wa kike wa mapenzi na urembo wa Warumi wa kale, akijipamba, ambayo sasa imo katika Metropolitan Museum of Art, New York. Naona hariri, lulu, njiwa na watoto wenye mabawa, lakini sioni kisa chochote. Miungu wa hadithi za kale hupigana, hulaaniana na hukimbizana, ilhali huyu ameketi tu. Je, kuna jambo linalonipita?

Jibu la kwanza
Ndugu, kisa kimo katika chumba ilimotundikwa. Boucher aliichora kwa ajili ya vyumba vya kuogea vya Bellevue, kasri lililokuwa karibu na Meudon, nje kidogo ya Paris, juu ya kilima kinachotazama mto Seine, ambalo Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis XV wa Ufaransa, alijengewa kati ya mwaka 1748 na 1750. Humo pia ilikuwamo picha pacha yake, ya Venus akiwa kando ya maji pamoja na Kupido, mwanawe mwenye mabawa. Aliyeingia kuoga na kujipamba alimkuta mungu wa kike akifanya hayo hayo ukutani. Tena Pompadour mwenyewe alikuwa ameigiza nafasi ya Venus jukwaani huko Versailles, kwenye kasri la mfalme, mwaka 1750, kwa hiyo sidhani kama kuna mgeni wa kasri aliyehitaji kuambiwa ni nani anayesifiwa.

Jibu la pili
Nakubaliana na maelezo hayo, lakini naomba tusimpokonye mchoraji haki yake. Tazama jinsi pazia zito la rangi ya buluu iliyoingia kijani linavyoifanya ngozi ya Venus ing'ae, na jinsi kila kitu, kuanzia manyoya ya njiwa hadi dhahabu ya vyombo, kilivyopewa ulaini wake wa pekee. Hata Denis Diderot, mwanafalsafa na mhakiki wa sanaa wa Ufaransa, aliyemshambulia Boucher vikali katika miaka ya 1760 kwa kukosa ukweli, hakukikana kipaji chake. Kwa maoni yangu, kutokuwapo kwa tukio ni uamuzi wa makusudi: picha ya kuishi nayo kila siku haihitaji vita.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Sasa nasikitika kwamba pacha hao wametenganishwa, mmoja New York na mwingine katika National Gallery of Art, Washington, na kwamba kasri lenyewe lilibomolewa. Natamani siku moja zitundikwe tena ukuta mmoja.