Kuni za tanuri la mikate: mabanzi ya msindano, mkaratusi au miwati?

MamaMikate
Wakuu habari za kazi. Naoka mikate hapa Mafinga. Tanuri langu ni la matofali, moto nauwasha ndani humo humo. Likishashika joto natoa makaa, napangusa sakafu kwa gunia lenye maji, ndipo mikate inaingia. Kuni napata za aina tatu: mabanzi ya msindano kutoka mashine za mbao, magogo ya mkaratusi, na miwati iliyokwishachunwa magome. Canter ya mkaratusi nanunua karibu mara mbili ya bei ya mabanzi. Kila muuzaji ananiapia kuwa zake ndizo zenye moto. Naomba mwenye ujuzi anilinganishie.

FundiMatofali
Mkaratusi, mama. Nimechoma matofali miaka mingi. Msindano unawaka kwa fujo, ukigeuka umebaki majivu.

Mwl_Kemia
Mama Mikate, nianze na jambo linaloshangaza wengi. Kuni zikikaushwa kabisa, kilo ya mti huu na kilo ya mti ule hazipishani sana. Nyingi ziko kati ya megajuli (kipimo cha nishati ya joto) 18 na 21. Tofauti hiyo ndogo inatokana na mti ulivyojengwa.

Karibu nusu ya mti ni selulosi, zile nyuzi zinazoujenga. Selulosi ina oksijeni nyingi mno, karibu nusu ya uzito wake, yaani ni kama kitu kilichokwishaungua nusu njia. Kwa hiyo inatoa kama megajuli 17 tu kwa kilo. Hemiselulosi, ndugu yake anayekaa katikati ya nyuzi hizo, ni hivyo hivyo. Lignini, ile gundi inayoufanya mti uwe mgumu, ina kaboni zaidi na inafika kama 25. Utomvu ndio unaoshinda vyote, unapita 35. Msindano una lignini nyingi kuliko miti mingi ya majani mapana, na juu yake una utomvu. Ndiyo maana kilo ya msindano mkavu inauzidi mkaratusi kwa megajuli moja hivi.

FundiMatofali
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo sikubali. Kama msindano una lignini nyingi na lignini ndiyo yenye kaboni, mbona makaa yake yanakufa upesi?

Mwl_Kemia
Swali zuri sana, fundi. Ni kweli lignini huacha kaa jingi kuliko selulosi. Ila wewe unaangalia gogo, mimi nimesema kilo. Mita ya ujazo ya msindano mkavu wa shambani ni kama kilo 450, ya mkaratusi 600 na zaidi. Kaa la msindano ni jepesi, lina matundu, hewa inapita na kulimaliza haraka. Kaa la mkaratusi au miwati limeshikana, linaungua taratibu kutoka nje kwenda ndani. Macho yako hayajakosea.

Mvinje_Kilifi
Huku kwetu pwani twatumia mvinje kwa sababu hiyo hiyo. Ni mzito, hata ukiwa mbichi kiasi washika moto, na makaa yake yalala hadi asubuhi. Kuupasua ndiyo kazi, shoka larudi mikononi.

BwanaShamba_Njombe
Kabla ya aina ya mti, pima maji. Gogo lililokatwa juzi linaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Kilo yake inakupa kama megajuli 8 tu, wakati lililokauka hadi asilimia 20 linakupa zaidi ya 14. Tofauti hiyo inameza habari yote ya lignini na utomvu. Wewe una tanuri, huhitaji kifaa. Kata vipande kutoka katikati ya gogo, si mwishoni ambako pamekauka, pima kilo moja, weka tanurini mikate ikishatoka na joto likishuka hadi kama nyuzi 105. Pima tena mpaka uzito uache kushuka. Kilichopungua ni maji.

Mwl_Kemia
Naongezea: kwenye msindano kipimo kitadanganya kidogo, kwa sababu tapentini ya kwenye utomvu inapaa pamoja na maji. Na moto usiwepo kabisa tanurini wakati huo.

MamaMikate
Nimerudi, nimefanya kama mlivyonielekeza. Mkaratusi, gramu 1,000 ilibaki 610! Nilipima mara mbili, sikuamini. Miwati ilibaki 740, mabanzi 820. Halafu nikapanga kuni mita moja kila upande, nikazipima kidogo kidogo kwenye mizani ya magunia: mabanzi kilo 275, mkaratusi kilo 640.

BwanaShamba_Njombe
Safi sana. Kwa vipimo hivyo, kilo ya mabanzi inakupa kama megajuli 15.4, miwati 13, mkaratusi 10.3. Kwa mita iliyopangwa: mabanzi kama 4,200, mkaratusi kama 6,600. Mkaratusi umezidi mara moja na nusu, lakini unaulipia mara mbili. Kwa joto tupu, mabanzi ndiyo nafuu.

FundiMatofali
Na akiukausha huo mkaratusi?

BwanaShamba_Njombe
Hapo wengi wanakosea hesabu, fundi. Rundo lile lile likikauka hadi asilimia 18 linafika kama 7,000. Kilichoongezeka ni asilimia 6 tu. Anayenunua kwa kilo ndiye anayeuziwa maji. Anayenunua kwa Canter hapunjwi sana kwenye hesabu. Hasara yake iko motoni. Kuni mbichi zinapoza moto, na gesi zinazotoka kwenye mti zinahitaji moto mkali ili ziungue. Moto ukiwa baridi, zinaondoka kama moshi. Ule moshi mzito wa manjano unaouma macho ni kuni zako zinazopaa bila kuungua.

MamaMikate
Hilo nimeliona kwa macho. Wiki ya mvua niliwasha mkaratusi mbichi, dari ya tanuri ikabaki nyeusi hadi saa mbili asubuhi. Tanuri likishika joto sawasawa, masizi ya darini yanaungua na matofali yanarudi meupe. Siku ile hayakurudi, na mikate ilitoka chini mbichi.

Mwl_Kemia
Basi tumia vyote viwili. Mabanzi kwanza, yapandishe joto. Kisha miwati mikavu, makaa yake yasukume joto liingie ndani ya matofali. Mabanzi usiyaweke mwishoni, utomvu usiomaliza kuungua unaacha masizi na harufu.

Jambo moja nakusihi sana. Mafinga kuna viwanda vya nguzo za umeme. Kipande chochote chenye rangi ya kijani kijani, au kinachonuka lami, usikiingize tanurini. Ile kijani ni dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki nyingine inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu, mahali unapolaza mikate ya watoto wa watu.

MamaMikate
Mungu wangu. Vipande vya kijani nimewahi kuletewa kwenye mzigo wa mabanzi, nikadhani ni ukungu. Kuanzia kesho nachambua kipande kwa kipande kabla ya kumlipa mwenye gari. Miwati naagiza sasa hivi, Jumamosi naezeka banda la kuzikaushia.

FundiMatofali
Banda usilizibe pembeni, mama. Bati juu tu, na chini inua kwa matofali mawili mawili hewa ipite. Magogo makubwa pasua kabla ya kupanga, yakiwa mazima yanachukua mwaka.