Mijwiz inapulizwaje jamani? Nimenunua, inatoa upepo tu

Kijana_wa_Doha
Wakuu habarini. Niko Doha mwaka wa tatu huu, juzi kati dereva mwenzangu Mjordani kanialika harusi ya mdogo wake, sasa kulikuwa na mzee anapuliza kitu kama mianzi miwili imefungwa pamoja, urefu kama rula hivi, watu wameshikana mikono wanapiga miguu chini ukumbi unatikisika (dabke wanaita), na yule mzee dakika nzima nzima hajashusha kuvuta pumzi!! Nikajua ni zumari yetu ile ya Pwani. Nikamsumbua jamaa kanitafutia yangu, kumbe inaitwa mijwiz. Nikipuliza ni fyuuu tu, hata mlio wa panya hakuna. Nimepigwa?

Saksa_Mzee
Hujapigwa mkuu, unapuliza kama filimbi. Angalia juu, kila bomba limechomekwa kijiti chembamba cha tete, na kwenye kile kijiti kuna kiulimi kimechanwa kwa kisu, ncha moja imeachwa imeshikana na tete lenyewe. Hicho ndo kinacholia. Vijiti vyote viwili viingize mdomoni VYOTE, midomo ikamate chini yake, ndimi zisiguswe na meno wala lipsi. Ukizigusa umeziua.

Mi ni mtu wa saksafoni, na sisi ulimi wetu ni mmoja vilevile ila tunaubana na mdomo wa chini, ndo maana siku ya kwanza kushika mijwiz ya Msyria mmoja niliaibika mbele za watu.

Na sio zumari hiyo. Zumari ndimi ni mbili zimelaliana zinagongana zenyewe kwa zenyewe, ukoo mwingine kabisa.

binti_unguja_muscat
Nyongeza kidogo tu, hilo jina mijwiz ni ukoo mmoja na neno letu jozi, yaani mbili mbili. Bomba mbili, matundu sawa, kidole kimoja kinalala juu ya tundu mbili kwa mpigo. Na hazilingani sauti sawasawa, zinapishana kidogo ndo maana mlio unatetema vile unakukwaruza masikio. Wamisri wao wana arghul, bomba moja linapiga wimbo na jingine refu linaunguruma sauti moja mwanzo mwisho. Bomba pacha za namna hii zimechorwa mpaka kwenye makaburi ya Mafirauni, zaidi ya miaka 4,000 hiyo.

Huku Ghuba utakuta pia jirba, zile bomba mbili zimefungwa kwenye mfuko wa ngozi ya mbuzi. Jirba ndo kiriba hiyo hiyo ya maji ya bibi zetu 😂

mdau_wa_ngoma
Siku hizi harusi nyingi mijwiz ni kinanda cha umeme tu kinaigiza, mwimbaji Omar Souleyman wa Syria kazunguka dunia na mlio huo huo wa kinanda, so ukimpata mzee wa kweli kaa karibu yake. Kuhusu pumzi, mashavu ndo tanki. Unajaza mashavu, unasukuma hewa ya mashavuni huku unavuta nyingine puani. Anza na mrija kwenye glasi ya maji, mapovu yasikatike. Wiki ya kwanza utalowa shati.

Kijana_wa_Doha
Aisee imelia!!! Ila upande mmoja tu, wa kulia kimya, nikipuliza kwa nguvu kiulimi kinajifunga papo hapo.

Saksa_Mzee
Kimelala hicho. Chukua unywele mmoja, upitishe chini ya kiulimi pale kwenye mzizi, sio kwenye ncha, kitanyanyuka kidogo kibaki wazi. Taratibu lakini, tete likipasuka ndo basi. Zikilia zote halafu moja iko juu sana, gusisha nta ya nyuki kidogo juu ya ncha ya kiulimi, sauti inashuka.

Kijana_wa_Doha
Mi nina kipara mkuu. Imebidi nimgongee Mfilipino wa chumba cha jirani saa nne usiku nimuombe unywele mmoja, kaniangalia muda mreeefu, akafunga mlango. Baadae kaupitisha chini ya mlango. Sasa zinalia zote mbili na yeye ndo anagonga ukuta.